Maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu muziki wa elektroniki na redio yetu ya jamii huku Nyanda za Juu

Habari zenu jamani. Kwa wa Iringa na Njombe kamwene, kwa wa Rungwe na Kyela ndaga. Mi ni fundi cherehani, banda langu lipo Mwanjelwa, na kila Jumamosi kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tano najitolea kwenye redio moja ya jamii hapa Mbeya, tunapiga muziki wa elektroniki ule ambao hauko kwenye chati. Maswali ninayoulizwa ni yaleyale, mengine napigiwa simu mkasi ukiwa kwenye kitambaa cha mteja, kwaiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Jina la redio silitaji makusudi maana haya ni maneno yangu mimi, uongozi haujanituma.

Muziki wa elektroniki ndo nini hasa? Si kila wimbo sahivi unatengenezwa kwa kompyuta?

Ni kweli, hata kwaya za kanisani sahivi zina kinanda na biti ya kompyuta. Ila kwenye nyimbo hizo mashine inambeba muimbaji, akinyamaza wimbo umeisha. Kwenye huu wa kwetu mashine yenyewe ndo inaimba, na wimbo unaweza kwenda dakika nane bila neno hata moja na bado ukakusimulia kitu.

Mi nimeuelewa kupitia kazi yangu. Cherehani ikiwa kwenye mshono mrefu, tuseme pindo la pazia, inapiga mlio mmoja tu ta-ta-ta-ta, lakini ukikaa nayo unaanza kusikia mlio unabadilika, kitambaa kikiwa kizito, uzi ukikaza, mguu ukichoka. Huu muziki ndo unavyosikilizwa hivyo. Mtu akiniambia "mbona unajirudia tu" namwambia kaa nao mpaka dakika ya tano, usiangalie simu, halafu niambie kama ile ngoma ya mwanzo ndo ileile unayoisikia sasa.

Dada, huu si muziki wa Wazungu?

Hili swali linaniuma kuliko yote maana wanaouliza ni ndugu zetu kabisa.

Tuanze na hausi, moja ya aina za muziki huu. Jina lake watu wanalitoa kwenye Warehouse, klabu ya Chicago iliyofunguliwa 1977, na dijei wake alikuwa Frankie Knuckles, Mmarekani mweusi, na waliokuwa wanajaa pale wengi ni weusi na Walatino ambao kumbi nyingine hazikuwa na nafasi yao. Tekno, aina nyingine ya muziki huu, nayo imetoka Detroit, mji wa viwanda vya magari, kwa vijana watatu weusi waliosoma pamoja pale Belleville: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ulaya iliupokea kwa nguvu sana, ikaujengea kumbi na matamasha makubwa, ndo maana kijana wa mtaa wa Forest hapa Mbeya akiona video za sasa anaona Wazungu watupu na anadhani wao ndo waliuanzisha.

Na zile mashine zenyewe zina stori ambayo mtu wa Mwanjelwa hahitaji kuelezwa mara mbili. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma ya TR-808 mwaka 1980, ikafuata TB-303 ya kupiga besi, ambayo ilikusudiwa imsindikize mpiga gitaa asiye na bendi. Wanamuziki hawakuzipenda, wakasema hazifanani na ngoma halisi wala gitaa halisi, kampuni ikaacha kuzitengeneza, zikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya chini. Vijana wasio na hela ndo wakazinunua, wakazungusha vitufe mpaka pale mtengenezaji hakutegemea mtu afike, na ukatoka muziki mpya. Yani mitumba. Nashona na kurekebisha nguo za mitumba kila siku, najua mtu anaweza kutoa nini kwenye kitu ambacho mwenzake alikichoka.

Halafu Afrika hatukungoja kuletewa. William Onyeabor alikuwa Enugu, Nigeria, anatoa albamu zimejaa sauti za sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti, kati ya 1977 na 1985. Francis Bebey wa Kameruni alikuwa anachanganya mashine za ngoma na ala za jadi kipindi hichohicho. Afrika Kusini wamezaa kwaito, gqom ya Durban, na amapiano ambayo leo hii hakuna harusi ya Mbeya inaisha bila kupigwa. Unacheza amapiano ukumbini, halafu Jumatatu unaniambia muziki wa elektroniki ni wa Wazungu?

Singeli nayo mnaiweka humo?

Tunaiweka mbele kabisa. Singeli ndo muziki wa elektroniki wa Tanzania, umezaliwa uswahilini Dar, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na baba yake ni mchiriku, wale waliokuwa wanapiga vinanda vidogo vya Casio na sauti inatokea kwenye vipaza sauti vya aina ya tarumbeta. Vijana wakachukua vipande vya taarabu na mchiriku wakavikimbiza kwenye kompyuta, wengine kwa programu ya kawaida ya kuchezea muziki ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, zipo zinazofika 300. Linganisha na hausi inayotembea kwenye 120 hadi 130, amapiano iko chini zaidi, inakaribia 112.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na hapo ndo watu wa mbali wakashtuka. Baada ya hapo vijana wa singeli wamepiga kwenye majukwaa ya Ulaya ambayo wasanii wetu wakubwa wa redioni hawajayakanyaga. Kilichonikera mimi ni kwamba huku nyumbani bado kuna watu walikuwa wanasema singeli ni kelele za wahuni, mpaka Mzungu alipoisifia ndo wakaanza kusema "ni yetu". Ilikuwa yetu toka siku ya kwanza! Nilikuwa nayo kwenye memori kadi, niliuziwa na kijana wa kujaza nyimbo pale stendi, na wateja walikuwa wananiambia zima.

Mnaitaje andagraundi kitu ambacho kinapigwa redioni?

Andagraundi kwetu maana yake haujasukumwa na hela. Hakuna meneja aliyeleta bahasha ili wimbo upigwe. Ukipigwa ni kwa sababu mmoja wetu ameupenda akashindwa kulala nao peke yake.

Kwanini redio? Sahivi kila mtu ana simu na bando.

Sio kila mtu ana bando, tuanzie hapo. Mlinzi wa usiku anayekaa getini Sae ana simu ya tochi yenye redio ndani, na hiyo redio haili salio hata senti. Dereva wa lori aliyepaki Uyole anasubiri mwenzake ana redio ya gari. Mama anayekaanga ndizi usiku pale Kabwe ana redio ya betri ameining'iniza msumarini.

Ila hata kama kila mtu angekuwa na bando bado ningekuwa redioni. Simu inakupa unachokipenda tayari, ukisikiliza hausi inakuletea hausi, kesho hausi, mwezi mzima hausi. Redio inamletea mama wa ndizi kitu ambacho asingekitafuta maisha yake yote kwa sababu hajui kama kipo. Na kuna jambo lingine ambalo siwezi kulieleza vizuri, nalihisi tu, kwamba wimbo ukiwa hewani najua kabisa kuwa sekunde hii hii mlinzi anausikia, dereva anausikia, na mimi nausikia, na hatujuani. Zikianza kuingia meseji, "wa Iyunga tupo", "Mbalizi tunaskia", "hapa Igurusi mvua ila tupo", huwa najisikia nimekaa sebuleni na mkoa mzima.

Mimi mwenyewe nilipatwa hivyohivyo. Nilikuwa likizo kwa bibi Kyela, nipo darasa la sita, bibi alikuwa na redio ya betri kubwa na usiku ilikuwa inanasa stesheni za ng'ambo ya ziwa, maana masafa ya kati usiku yanadunda juu angani na kufika mbali kuliko mchana. Lugha nilikuwa siielewi yote. Usiku mmoja ukapita wimbo, sauti ya kiume inaongea polepole juu ya besi nzito na ngoma inaenda taratibu kama mtu anayetembea na uhakika wa anakokwenda, nadhani ilikuwa kwaito, na haukutajwa jina. Nimeutafuta mpaka leo sijaupata. Bibi aliamka akanikuta nimekaa gizani sikio kwenye spika, hakunigombeza, alisema tu betri ni za habari za asubuhi.

Redio ya jamii inatofautianaje na redio nyingine?

Kifupi, haipo kwa ajili ya kumpa mwenye nayo faida, ipo kwa ajili ya eneo lake, na watu wengi ndani wanajitolea. Wazee wanakumbuka enzi za Redio Tanzania peke yake, mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi. Sahivi huku kwetu Kyela ina Kyela FM, Makete ina Kitulo FM, na zipo nyingine, kila moja inaongea mambo ya wenyewe: bei ya mpunga, viazi, kokoa, chanjo, barabara imekatika wapi.

Na hii ndo sehemu ya kuelewa kabla hujalalamika kwamba tumekukatia wimbo. Tangazo la msiba likifika, muziki unashuka. Hata kama ni pale palipokuwa panapanda, hata kama nimeusubiri huo wimbo wiki nzima. Nasoma jina la marehemu, ametokea wapi, mazishi ni lini, ndugu wa wapi na wapi wapate taarifa, nakaa kimya kidogo, halafu narudisha muziki kwa sauti ya chini, kitu kisicho na ngoma. Mwanzoni kijana mmoja alinitumia meseji kwamba naharibu miksi. Miezi kadhaa baadaye alipata taarifa ya msiba wa mjomba wake kupitia redio hiyohiyo, kwenye kipindi hikihiki, akawahi kuzika. Sahivi yeye ndo anakuja kupokea simu za matangazo.

Huku kwetu haishiki vizuri, inakoroma. Nifanyeje?

Mawimbi ya FM yanakwenda mnyoofu, hayapindi milima, na sisi tumezaliwa kwenye milima. Ukiwa nyuma ya Loleza upande wa Chunya hutupati, sio kosa la redio yako. Ila mtu wa Matamba, juu ya zile kona 57 za kutoka Chimala, anatupata vizuri japo yuko mbali, kwa sababu yuko juu na mbele yake pako wazi. Kwaiyo kabla ya kununua redio mpya jaribu haya, nimeyajaribu yote mwenyewe.

Kama ni redio ya simu, waya wa earfoni ndo antena, unyooshe wote, usiukunje mfukoni. Kama ni redio ya kawaida isogeze dirishani upande unaotazama mnara, na iweke mbali na chaja ya simu na zile taa za bei rahisi, vinaleta mkoromo. Kama redio ina kitufe cha stereo kizime, stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi, ukiweka mono, yani sauti ileile moja kulia na kushoto, mkoromo unapungua hapohapo na muziki wetu hauharibiki kivile. Wa Iringa mnaoniuliza hatuwezi kuwafikia, mpo mbali, ila mji wenu umekaa juu ya kilima na una Gangilonga, jiwe linaloongea, msiniambie mmekosa pa kuweka antena yenu!

Ni kweli mama mmoja alipiga simu akasema redio imeharibika?

Kweli kabisa, na naisimulia kwa heshima maana yule mama ndo alinifundisha utangazaji.

Ilikuwa kipindi cha tatu au cha nne, niliweka kitu kirefu, kizito, taratibu mno, hakina ngoma, mlio tu unaovutika kama upepo kwenye misonobari. Dakika kumi na moja. Sikusema chochote kabla, nilijiona najua. Akapiga simu mama kutoka Isyonje, sauti ya wasiwasi: "Mwanangu, mitambo yenu imekwama, nimezima na kuwasha mara tatu, nasubiri taarifa ya mbolea ya kesho." Nilitaka kuzama chini. Alikuwa amekaa na betri zinaisha kwa ajili ya tangazo la mbolea, mimi nimemwekea upepo bila hata shikamoo.

Toka siku hiyo kila wimbo mgeni naueleza kabla. Nasema umetoka wapi, aliyeutengeneza ni mtu wa namna gani, na usikilize nini ndani yake. Matangazo ya kilimo yanasomwa saa tatu kamili, kabla ya muziki, kila mtu anapata chake. Na yule mama alipiga tena, sio siku nyingi, kasema ule wa upepo kama upo tuurudie, umemkumbusha kulala shambani wakati wa kulinda viazi.

Wazazi wangu wanasema huu ni muziki wa uhuni na madawa. Niwajibu nini?

Usiwajibu, waalike wasikilize. Sitakudanganya kwamba hakuna sehemu duniani ambako huu muziki unaenda na madawa, ipo, na mi sipendi, na kwenye shughuli zetu hatutaki kuona. Ila hata rumba wazee wao waliiita uhuni. Baba yangu ni mzee wa kanisa, muziki wangu ulimkera miaka mingi, mpaka siku moja nikampigia kipande kimeundwa kwa sauti za kwaya zilizokatwakatwa na kurudiwa, akakaa, akasema "hawa wanaimba sauti ya nne vizuri". Hapo ndo tulipokutania. Mpaka leo hapendi mengine na simlazimishi.

Nianzie wapi kusikiliza?

Anza na kile ambacho mwili wako unakijua tayari. Kama unapenda amapiano, rudi nyuma kwenye kwaito, halafu rudi tena mpaka hausi ya Chicago, utaona ni ukoo mmoja. Kama unapenda singeli, tafuta shangaan electro ya Afrika Kusini, kazi za Nozinja, inakimbia kwenye 180 hivi na utajua kwamba hatuko peke yetu tunaokimbia. DJ Travella wa kwetu alitoa albamu 2022, yule anaichukua singeli anaipeleka sehemu ambazo bado nazizoea.

Usisikilize kwa spika ya simu. Nakuomba. Besi hutaisikia kabisa, na bila besi umesikia nusu. Earfoni za elfu tano zinatosha kuanzia.

Ukipata msanii umempenda na una uwezo nunua kazi yake. Kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ukinunua unapakua faili lenye ubora wote na linabaki kuwa lako, unaweza kulipia kwa kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu. Mi nanunua moja kwa mwezi, natoa kwenye hela ya vifungo na zipu, na naichagua kama nachagua kitambaa cha nguo ya Pasaka.

Natengeneza biti kwenye simu, mnaweza kunipigia?

Ndio! Hili ndo swali ninalolipenda. Simu, kompyuta ya kuazima, hata kinanda kibovu, leta. Ila nisikilize kwenye vitu vitatu.

Usinirekodie kwa voisi noti, hata kama umeona haraka. Voisi noti inabana sauti vibaya. Toa faili lenyewe, WAV au MP3 ya 320, na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti. Pili usiukweze wimbo mpaka sauti inapasuka ukidhani utasikika mkubwa, redioni kuna kifaa kinachoshusha kila kinachozidi, ukiukweza sana kitakushusha na wimbo wako utatoka umesinyaa kuliko wa mwenzako. Tatu usikilize kwa mono kabla hujatuma, maana redio nyingi mtaani zina spika moja, na ukipanua besi kulia na kushoto kwa mbwembwe ikifika kwenye spika moja inaweza kufutika.

Na usinakili. Vijana watano mwaka huu wameniletea amapiano ileile. Hapo kwenu mna sauti, treni ya TAZARA inavyopiga breki kuingia stesheni, mashine ya kukoboa mpunga, makonda wa Mafiat, mvua ya Tukuyu kwenye bati. Kijana mmoja wa Ilomba alirekodi mashine ya kusaga ya baba yake akaifanya ngoma. Nilipoipiga baba yake alipiga simu kuuliza kwanini mashine yake iko redioni, na alikuwa na furaha.

Nataka kuwa dijei, sina mashine.

Hata mimi sina. Ya studio ni miksa ya zamani yenye chaneli moja imekufa. Anza kwa kuzijua nyimbo zako, hesabu mapigo nane nane, ujue wapi inapanda wapi inapumua. Ukiwa na kompyuta programu za bure zipo. Kifaa kitakukuta mbele ya safari, masikio yanatakiwa yaanze leo.

Naweza kufungua redio yangu mwenyewe, ya FM au ya mtandaoni?

FM bila leseni usithubutu. Masafa yanagawiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kurusha bila kibali ni kosa, pia unaweza kuingilia mawasiliano ya watu wengine. Najua mmesoma kuhusu London, vijana kupandisha antena kwenye maghorofa usiku, Rinse FM ilianza 1994 bila leseni ikaja kupewa 2010, na muziki mwingi umepona kwa sababu yao. Nawaheshimu sana. Ila wewe uko Nzovwe na hapa kuna redio inatafuta watu wa kujitolea, nenda kagonge mlango kwanza. Mtandaoni nako kuna kanuni za maudhui toka 2018, redio ya mtandaoni inahitaji leseni pia, kwaiyo kabla hujajiita stesheni nenda ofisi za TCRA za kanda ukaulize wakueleze aina na gharama.

Mnalipwa?

Hapana. Nauli ya kurudi, siku nyingine na chai.

Sehemu ya kwenda kucheza ipo?

Ukumbi wa muziki huu peke yake Mbeya hakuna. Tunachofanya, mara chache kwa mwaka, ni mchana wa Jumapili kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, spika mbili na subwufa, kibali tumechukua serikali ya mtaa, saa kumi na mbili jioni tumezima, watoto wanacheza mbele na bibi wanakaa kwenye mkeka. Juni na Julai hatufanyi, baridi. Ndoto yangu ni Nyege Nyege kule Jinja, Uganda, tamasha linalofanyika toka 2015. Sijawahi kwenda. Naweka akiba.

Mwanamke usiku studio, haikusumbui?

Inasumbua, tuseme ukweli. Mwanzoni meseji nusu zilikuwa za muziki nusu za kunitongoza, na kuna fundi mitambo mmoja alikuwa kila nikigusa miksa ananitoa mkono, eti nitaiunguza. Nashona kwa mashine tatu za umeme, nazifungua na kuzifunga mwenyewe. Nilimsubiri siku moja waya wa kushoto ukafa tukiwa hewani, nikauchomea risasi mwenyewe wimbo ukiendelea, hakunigusa tena mkono. Usafiri wa usiku nina bodaboda mmoja ninayemwamini, ni jirani, mkewe ananijua. Wadogo zangu wa kike mkitaka kuja njooni wawili wawili, na mtanikuta.

Vipindi vya zamani mnavihifadhi?

Sahivi ndio. Mwaka wa kwanza wote umepotea, vipindi vilikuwa kwenye kompyuta moja ya ofisini, ikaletewa fundi ikafutwa, hakuna aliyekuwa na kopi. Nililia. Humo mlikuwa na sauti ya mzee mmoja wa Rungwe aliyekuja studio kutueleza tofauti ya ngoma za kwao, na ameshafariki. Redio Tanzania walihifadhi tepu za bendi miaka na miaka, ndo maana leo tunaweza kusikia dansi la enzi zile. Kwaiyo kila Jumamosi narekodi mara mbili, flashi moja inabaki redioni, nyingine inalala kwenye kopo la vifungo bandani kwangu. Ukitaka kipindi njoo na flashi yako, bure.

Ule wimbo uliokatika umeme ulipozimika wiki iliyopita unaitwaje?

Hili limeulizwa na watu kumi na wawili, wa kwanza ni dada wa Matamba. Hauna jina. Umetengenezwa na yule kijana wa mashine ya kusaga, faili lake limeandikwa "mpya mwisho mbili" na mwenyewe nikimuuliza anasema bado anafikiria. Umeme ulikatika dakika ya nne, jenereta likachelewa, tuliporudi hewani ulikuwa umeshapita. Mmesikia nusu. Nusu ya pili ndo treni inaingia. Jumamosi hii nauanza toka mwanzo, baada ya matangazo ya kilimo.